Kufika Lubumbashi na Kiswahili cha kwenu: mwongozo kamili wa kusikia, kusema na kuutembea mji

Dereva mmoja wa lori kutoka Dar es Salaam alishuka soko la Kenya akiwa na hamu ya samaki. (Kenya ni jina la sehemu ya mji wetu, si nchi.) Alikuwa amekaa siku kadhaa mpakani Kasumbalesa akingoja karatasi za mzigo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshughulikia karatasi hizo, maana uwakala wa forodha ndiyo kazi yangu. Akamwendea mama aliyepanga samaki wakavu juu ya meza, akauliza kwa adabu zote: "Shikamoo mama, unauza samaki?" Mama akamwangalia, akasema: "Apana papa, miye ninauzisha." Dereva akashukuru, akaenda zake. Jioni akanisimulia kwa mshangao kwamba soko lile mtu anatandaza samaki mchana kutwa, halafu anakataa kuuza.

Hakuna aliyekosea. Kwetu Lubumbashi *kuuza* ni kununua, na *kuuzisha* ndiko kuuza. Mama alisikia mgeni akimwuliza kama ananunua samaki, akamjibu kweli: hapana, mimi ndiye muuzaji. Watu wawili, lugha moja, na samaki walibaki mezani.

Nimekulia mji huu, na Kiswahili cha Tanzania nimejifunza kwa kukaa na madereva kama huyu, hatua kwa hatua, kwa hiyo najua njia inavyokwenda pande zote mbili. Mwongozo huu ni kwa msemaji wa Kiswahili anayekuja kwetu kwa kazi, masomo, biashara au kutembea tu, na anataka kuelewa na kueleweka ndani ya wiki chache. Fuata hatua kwa mpangilio. Usiruke ile ya maneno, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda wapi na Kiswahili hiki kilitoka wapi

Lubumbashi uko kusini-mashariki kabisa mwa Kongo, jimbo la Haut-Katanga, kwenye nyanda za juu za kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mpaka wa Zambia uko karibu, kama kilomita 90 hadi Kasumbalesa. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini, na 1966 ukapewa jina la mto unaoupitia. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, nao Kafubu unaingia Luapula.

Sababu ya mji ni shaba, ambayo wenyeji tunaiita *mukuba*. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, tanuri la kuyeyusha likaanza kazi 1911, na watu wakaletwa. Kwanza walitoka upande wa Zambia na Malawi za leo, kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, wengi zaidi wakatoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa karibu yeyote kati yao. Kilikuwa kimeshaingia Katanga, eneo letu hili, kwa njia za biashara. Mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, watu wake Wayeke walitoka pande za Tanzania ya leo. Wabelgiji nao walikitaka Kiswahili kazini ili kuwatenga wafanyakazi na lugha za upande wa Waingereza kusini. Hivyo lugha ikakua midomoni mwa watu waliokuwa wakisema Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kilamba na nyingine nyumbani, huku bosi anasema Kifaransa.

Weka hili kichwani, kwa sababu litakueleza karibu kila kitu utakachokisikia. Mtu akisema *batoto* badala ya watoto, hajakosea darasani. Anasema kama mababu zake walioipokea lugha hii na kuiweka juu ya mifupa ya lugha zao. Sisi wenyewe tuna jina la Kiswahili cha vitabu: *Kiswahili bora*. Jina hilo linaniuma kidogo kila nikilisikia, maana linafanya chetu kionekane kibovu, na sivyo kilivyo. Kina kanuni zake, na mtoto wa Katuba, sehemu nyingine ya mji wetu, akizivunja, wenzake wanamcheka palepale.

Hatua ya pili: zoeza sikio kabla ya safari

Wiki mbili kabla ya kusafiri, sikiliza nyimbo za gitaa za Jean Bosco Mwenda na Édouard Masengo. Wote wawili ni watu wa Katanga, wote walifika hadi Nairobi na kusikilizwa huko, na wanaimba taratibu kiasi kwamba maneno yanashikika. Ukiwa msomaji, tafuta *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Jina lake ni la Kifaransa lakini ndani ni Kiswahili chetu: historia ya mji iliyoandikwa 1965 na watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa tahajia yao wenyewe. Isome kwa sauti. Kwa macho utashindwa, lakini ukiitamka utaelewa.

Unaposikiliza, tega mambo manne ya sauti. La kwanza, *w* ya watu inakuwa *b*: batu, batoto, bamama, banasema, habana (hawana). Vilevile *vi-* inakuwa *bi-*: bitu au bintu, bitabu, bingine. La pili, *m* ya mwanzo inapata irabu yake: mutu, mutoto, mukubwa, muzuri, mubaya. La tatu, *j* mara nyingi inalainika kuwa *y*: maji ni *mayi*, kuja ni *kuya*, kujua ni *kuyua*, juu ni *yulu*, na jambo la salamu ni *yambo*. La nne, *h* inapotea: apa, ii, apana, asubui.

Jipime. Mtu akikuambia "Batoto banakuya kulomba mayi," umeelewa? Watoto wanakuja kuomba maji. Ukishaipata sentensi hiyo bila kufikiri, sikio limeanza kazi.

Hatua ya tatu: maneno yanayofanana na ya kwenu lakini si yao

Hapa kaa muda mrefu. Neno geni kabisa halina hatari, utaliuliza. Hatari ni neno unalolijua.

*Kuuza* na *kuuzisha* umeshayaona. Yaandike kwenye kiganja.

*Paka.* Si mnyama. Ni "tu", "pekee", "ni hivyohivyo" (asili yake ni *mpaka*). "Nilikuya paka miye" ni nilikuja peke yangu. "Ni paka ile" ni hiyohiyo tu. Siku moja utasikia neno hili mara mia, na mgeni ambaye hajaonywa anatafuta paka chini ya meza.

*Njo.* Si mwito wa kuja. Ni "ndiyo, ndiye, ndivyo" zote kwa pamoja. "Njo vile" maana yake ndivyo hivyo. "Njo miye" maana yake ndiye mimi. Mtu akiitikia maneno yako kwa "njo vile, njo vile", anakuunga mkono. Hakuiti popote.

*Kutosha.* Kwetu ni kutoa, kuondoa. "Tosha ile motokari" ni ondoa gari hilo. Ukiambiwa "tosha falanga", mtu hasemi kwamba hela zimetosha. Anasema toa hela.

*Kutumika.* Ni kufanya kazi. "Unatumika wapi?" ni swali la heshima kabisa juu ya ajira yako. Mtanzania mmoja aliudhika, akidhani anaulizwa nani anamtumia. Anayetumika kwetu ni mfanyakazi, na katika mji uliojengwa na kazi, hilo ni neno la fahari.

*Bibi.* Ni mke. "Bibi yake" ni mke wake. Nyanya au babu ni *nkambo*, na *bankambo* ni mababu. Usimwambie jirani kwamba umekuja kumtunza bibi yako mwenye miaka themanini bila kufafanua.

*Masomo* ni shule: "batoto beko ku masomo." *Lupangu* ni kiwanja pamoja na nyumba na ua wake, na mtu akisema "mu lupangu yetu" anazungumzia nyumbani. *Kinga* ni baiskeli. *Kuikala* ni kukaa au kuishi. *Falanga* ni pesa. *Makala* ni mkaa. *Mangaribi* ni jioni. *Ao* ni au. *Juu ya nini?* ni kwa nini. *Bunga* ni unga, na *bukari* ni ugali. Hili la mwisho litakusaidia kuliko yote, maana hakuna siku itakayopita bila bukari.

Ukitoka Goma au Bukavu, baadhi ya haya unayajua tayari, *kuuzisha* kwa mfano, na ile *b* ya batu. Lakini Bukavu utasema bugali, na lafudhi yako imebeba Kimashi au Kinyarwanda, mahali ambapo yetu imebeba Kiluba na Kibemba. Watu watakujua kwa sentensi ya kwanza. Hakuna ubaya.

Hatua ya nne: mifupa ya sarufi

Huhitaji kanuni nyingi. Ukishika tano hizi unaweza kuongea siku nzima.

Mahali: sahau *-ni* ya mwisho. Weka *mu*, *ku* au *pa* mbele: mu nyumba, ku kazi, ku soko, pa meza. 

Kuwapo na kuwa: *niko, uko, eko, tuko, muko, beko*. "Eko wapi?" ni yuko wapi. "Beko ku Likasi" ni wako Likasi. Kwa vitu, *iko* inabeba mengi: "iko muzuri", "iko mubaya". Kuna watu wengi? "Kuko batu mingi."

Mazoea: bandika *-ka* mwishoni mwa kitendo. "Tunasemaka" ni huwa tunasema. "Anakuyaka kila siku." Hii *-ka* ni roho ya lugha yetu. Mgeni akianza kuitumia, nyuso zinafunguka.

Kukana: *haina* inafanya kazi ya *si*. "Haina miye" ni si mimi. "Haina vile" ni sivyo.

Udogo: *ka-* na *tu-*. Kamutoto ni mtoto mdogo, tutoto ni wengi wao. Kwa kawaida ni kwa mapenzi, lakini mtu mzima akiitwa hivyo na asiyemjua, ni dharau. Subiri miezi michache kabla ya kuitumia kwa watu.

Ngeli nyingine usijitese nazo. *Ya* inaunganisha karibu kila kitu: mufuko ya bunga, mulango ya nyumba, soko ya Kenya. Watu wanaosema hapa hakuna ngeli hawajasikiliza vizuri. Ngeli ya watu ipo imara, ya vitu vingi ipo, na ya udogo ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha, sisi tunayo.

Hatua ya tano: kipimo cha Kifaransa

Bei kubwa, tarehe na saa za ofisini mara nyingi zitatajwa kwa Kifaransa. Viunganishi pia: *donc, mais, puisque, alors* vinapita katikati ya Kiswahili bila kubisha hodi. Huna haja ya kukijua Kifaransa ili kuishi hapa, lakini jifunze namba zake hadi elfu kumi kabla ya kwenda sokoni. Saa zetu ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Ukipewa miadi, rudia kwa kutaja asubuhi, mchana au mangaribi, ili msipishane.

Hatua ya sita: kuwaita watu

"Shikamoo" wengi wataielewa, lakini si salamu ya barabara zetu. Mwanamume wa umri wa baba yako ni *papa*, mwanamke wa umri wa mama yako ni *mama*, hata kama humjui na hata kama yeye ndiye anayekuomba kazi. Kaka au dada aliyekuzidi ni *yaya*. Salamu inatosha kuwa "Yambo papa," na jibu ni "Yambo," kisha "Habari?" "Muzuri." Usianze swali la njia au la bei kabla ya yambo. Ukiondoka, waambie wanaobaki: "Mubakie muzuri."

Utasikia mtu akizungumza juu ya mzazi wake mmoja kwa wingi: "ba mama banasema." Hana mama wawili. Ni heshima. Nilipokuwa mdogo mama yangu alinitandika kofi dogo la mkono kwa kusema "mama anasema" mbele ya wageni.

Hatua ya saba: siku moja ya kuutembea mji

Anzia uwanja wa Posta katikati ya mji asubuhi mapema. Barabara hapa zimenyooka kama mistari ya daftari, ndivyo Wabelgiji walivyozichora, na katikati hii ilikuwa yao. Tembea hadi kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali, kisha uingie Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Tafuta humo msalaba wa shaba. Karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, watu wa Katanga waliyeyusha mukuba na kuimimina katika umbo la msalaba, wakaitumia kama fedha. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo, kati ya 1960 na 1963.

Ukitoka nje, inua macho upande wa viwanda. Lile dohani refu la mita 153 na kilima cheusi pembeni yake ndiyo sura ya mji. Kilima si mlima wa asili. Ni mabaki ya kuyeyusha shaba, yaliyomwagwa mwaka baada ya mwaka. Union Minière ilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawa Gécamines, na wazee wengi utakaokutana nao watakuhesabia maisha yao kwa kampuni hiyo: nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, mufuko ya bunga ya kila mwezi. Uliza "papa, ulitumikaka wapi?" halafu nyamaza usikilize. Hakuna darasa bora la lugha kuliko hilo.

Picha: usipige uwanja wa ndege wa Luano, kambi, madaraja, majengo ya serikali wala viwanda bila ruhusa. Omba kwanza, hata kwa picha ya barabara. Simu ikinyang'anywa kwa ajili ya picha ya dohani, siku yako imeisha.

Sasa elekea Kamalondo. Hapa ndipo mji wa watu ulipoanzia, na hapa ndipo ulipo uwanja wa TP Mazembe. Timu ilianzishwa 1939, imechukua ubingwa wa Afrika mara tano (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), na Desemba 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa ya dunia, ikafungwa na Inter Milan 3–0. Rangi ni nyeusi na nyeupe. Kabla ya kuvaa bluu na njano, jua kwamba hizo ni za Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, iliyozaliwa mwaka uleule. Siku ya mechi kati ya hizi mbili, keti kwenye kibanda cha vinywaji nje ya uwanja na usikilize. Utasikia *paka* na *njo* kwa kasi ambayo hakuna mwongozo unaoweza kuifundisha.

Kutoka Kamalondo unaendelea Kenya, kisha Katuba. Upande mwingine kuna Kampemba na Ruashi. Ukijumlisha sehemu ya Lubumbashi yenyewe na Annexe inayouzunguka mji, umezipata sehemu zote saba za mji. Taksi-basi zinakwenda kote. Taja kituo chako kabla ya kupanda, na uwe na noti ndogo.

Msimu nao ni sehemu ya safari. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba hadi Aprili. Juni na Julai hakuna tone, vumbi jekundu linashika kila kitu, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watu wa pwani wanafika na shati jepesi wakidhani Kongo yote ni joto. Lete sweta.

Hatua ya nane: sokoni

Rudi sasa soko la Kenya, palepale dereva wetu aliposhindwa. Beba faranga za Kongo kwa vitu vidogo. Dola zinapokelewa mjini kote, lakini noti iliyochanika hata ncha ya kucha, au iliyoandikwa kwa kalamu, itakurudia. Kagua kila noti ya dola unayopewa kabla ya kuikunja.

Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Yambo mama."
"Yambo papa. Karibu."
"Ninataka kuuza bunga. Meka moja ni ngapi?"

Umeona? *Ninataka kuuza*, yaani kununua. *Meka* ni bakuli la kupimia ambalo unga na mahindi hupimwa nalo. Angalia bakuli lenyewe: kuna yaliyobonyezwa kitako ili yabebe kidogo. Likinyooka, sawa. Atakutajia bei, pengine kwa Kifaransa. Wewe utasema:

"Ee mama, bei iko nguvu. Punguza kidogo."

Atapunguza au hatapunguza. Akikataa usigombane, omba *matabishi*, nyongeza ya mkono mmoja juu ya kipimo. Mama anachota konzi ya unga, anaimwaga juu ya kilima kilichokwisha kujaa, unga unaporomoka pembeni kurudi kwenye mfuko wake, na kinachobaki juu ndicho chako. Nimeona watu wakipendana kwa ajili ya konzi hiyo.

Pembeni ya unga nunua sombe, ile mnayoiita kisamvu, au lengalenga, ambayo ni mchicha. Samaki wadogo wakavu ni kapenta, jina tulilopeana na Wazambia. Msimu wa mvua, kina mama wanakaa kando ya barabara na mafungu ya *bowa*, uyoga wa porini kutoka misitu ya miombo, mwingine mkubwa kama sahani. Kula. Lakini ununue kwa mama anayeuzisha mwaka hadi mwaka mahali palepale, kamwe si kwa mpita njia, kwa sababu uyoga wa sumu upo. Jaribu *kikanda*, kinachopikwa kwa viazi vya okidi ya porini pamoja na karanga na kukatwa vipande kama keki. Kwa kiu kuna *munkoyo*, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi, kitamu kikiwa cha siku hiyohiyo. *Lutuku* ni pombe kali ya kienyeji. Wewe mgeni iache, hujui ilipikwa wapi.

Hatua ya tisa: mambo ya kutogusa

Usimsahihishe mtu. Ukisema "si batu, ni watu", umefunga mlango uliokuwa wazi. Niliwahi kufanya kazi na bosi mgeni aliyekuwa akirudia kila neno letu kwa sanifu, kwa sauti, mbele ya wote. Baada ya mwezi mmoja, wafanyakazi walimjibu kwa Kifaransa tu, na hakuelewa kwa nini ofisi imekuwa kimya.

Usiulize kabila. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, wengi wakiwa wamezaliwa hapa, wakalala kwenye stesheni za reli wakingoja treni, na wengine walifia njiani. Jirani yako anaweza kuwa mmoja wa waliorudi, au mtoto wa aliyemficha mwenzake. Swali linaloonekana dogo kwako linagusa pale. Uliza "unaikala wapi?" au "unatumika wapi?" Mengine atakuambia mwenyewe akipenda.

Na siasa za Katanga na Kinshasa, sikiliza tu. Usiwe wa kwanza kuzileta.

Hatua ya kumi: daftari

Kila usiku andika maneno matano uliyoyasikia, kama yalivyotamkwa, si kama unavyodhani yanapaswa kuandikwa. Kando yake andika nani alisema na mahali gani, maana neno la uwanjani si la ofisini. Wiki ya kwanza daftari litakuwa la nomino: chakula, vyombo, majina ya njia. Wiki ya tatu utaanza kuandika vitu vidogo kama *-ka* na *njo*, na hapo ndipo utajua umeingia. Asubuhi mchague mtu mmoja, mlinzi au mama wa mgahawa, umsomee matano hayo. Muulize "tunasemaka vile?" Atakuchekea, atakurekebisha, na kesho yake atakuwa na neno lake la kukupa.

Yule dereva alifanya hivyo kwa safari tatu. Safari ya nne nilimfuata soko la Kenya nikamkuta kwa mama yuleyule, mfuko wa samaki mkononi. Mama alikuwa akimwuliza kama amekuja na mwenzake. "Apana mama," alijibu, "nilikuya paka miye."